Mjane Mwenye Mume

"Marehemu huyo anakuja! Haya, tumsomee Fatiha!"

Ndivyo Mongi alivyompokea Hedi Jumamosi asubuhi, mbele ya soko zima la mazulia hapa Kairouan, Tunisia. Hedi aligeuka nyuma kuangalia jeneza linapita wapi. Hakuona jeneza. Aliona madalali wenzake wameshika mbavu kwa kicheko, na wanawake waliokaa kwenye benchi la ukutani wakisubiri mnada wamejifunika midomo kwa vitambaa.

"Nani kafa?" akauliza.

"Wewe," Mongi akasema. "Tena umekufa zamani, sisi ndio tumechelewa kuletewa habari. Mkeo ni mjane huu mwaka wa ishirini na mbili, na wewe bado unakula kuskusi yake. Pole sana ndugu yangu."

Sasa, asiyejua soko letu asikimbilie kucheka. Dalali hana mali, ana bega na koo tu. Mwanamke huja na zulia lake, akakaa benchini. Dalali hulitupia begani, akazunguka nalo kwa matajiri wa maduka akinadi, na kila bei ikipanda hurudi kwa mwenyewe kumwuliza, "Niuze?" Akisema "Uza," limekwisha. Akisema "Bado," dalali anarudi kuzunguka hata kama miguu inawaka moto. Na kabla ya bei yoyote kutajwa, wanunuzi huuliza kwanza, "Mkono wa nani?" Kwetu hatununui zulia, tunanunua mkono uliolifuma.

Basi kila mwaka kulikuwa na zulia moja ambalo Hedi alikuja nalo mwenyewe, halina mwanamke benchini. Wakimwuliza mkono wa nani, anainamisha kichwa: "Mkono wa mjane mmoja wa shamba, Mungu amsitiri." Watu wanaongeza dinari mbili tatu kwa huruma. Jioni kahawani, huyo huyo Hedi anapiga kifua: "Watu wa nyumbani kwangu hawafanyi kazi. Wanakaa tu, wanakula." Na huyo mjane wa shamba ni Wasila, mke wake, ambaye hajawahi kulala shamba hata usiku mmoja.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa binti yao Sondes. Msichana huyo, mtoto wao wa pekee, alikuwa Tunis akisomea masomo ya jinsia, na ameandika tasnifu ya uzamili kuhusu wanawake wa mazulia. Alikuwa mwangalifu, tumpe haki yake. Mji wetu aliuita "mji mmoja wa kati". Baba yake alimwita "Dalali D." Mama yake hakumwita kwa jina lolote. Lakini katika sura ya tatu, aliyoipa kichwa "Mjane Mwenye Mume", aliandika neno kwa neno wito ambao Dalali D. hunadia: "Zulia halizeeki, anazeeka mwenye nyumba!" Msomi mzima, akasahau kwamba sokoni kwetu wito wa dalali ni kama uso wake. Hakuna wawili wanaonadi kwa wito mmoja. Nafti wa duka la fotokopi la hapa mjini, akichapisha nakala tano za jopo la chuo, alifika ukurasa wa sitini na nane akapiga ukelele. Mpaka Sondes analipa pesa ya jalada, Nafti ameshatoa nakala zake mwenyewe za sura ya tatu, na nakala moja iko mfukoni mwa Mongi.

"Uongo mtupu," Hedi akasema. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Lisemwalo lipo," akajibu tajiri mmoja bila kuinua macho.

Siku hiyo alibeba mazulia matatu na hakuuza hata moja. Kila akifungua kinywa, mtu anamkata, "Mkono wa mjane?" Kabla ya adhuhuri alikuwa ameshafika kwake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya kumzika mama yake.

* * *

Wasila alikuwa amekaa chini jikoni, beseni la unga wa ngano mbele yake, anakanda makrudhi, vile vikate vyetu vya tende. Tende zilizopondwa ziko pembeni, sinia kubwa la shaba limeshasuguliwa. Binti yake anatetea tasnifu Alhamisi, na kwetu mtoto hatetei mikono mitupu. Jamaa huja na masinia na juisi, alama zikitangazwa vigelegele vinapigwa kama arusi. Msichana asiye na sinia nyuma yake hata walinzi wa chuo humwonea huruma.

Hedi aliingia na kurasa zilizokunjamana, akazibwaga mezani mbele ya Sondes aliyekuwa anakunywa chai na shangazi yake. Shangazi Beya ni dada wa Hedi, anakaa chumba cha juu tangu alipofiwa na mume, na ulimi wake haujawahi kukaa eda.

"Hii nini?"

Sondes alizitambua kabla hajazisoma. "Baba, sikuandika jina lako."

"Umeandika wito wangu! Jina langu wanalo watu mia mji huu. Wito ule ninao mimi peke yangu!"

Shangazi Beya akavuta kurasa. "Imeandikwaje? Hebu. Mja... mjane?" Akatua kikombe. "Hedi, mjane halisi wa nyumba hii si ni mimi? Huyu mwingine katoka wapi?"

"Nyamaza, Beya."

"Sinyamazi. Nilisema tangu mwanzo. Mtoto anapelekwa Tunis asome meno, asome sheria, arudi na kibao mlangoni. Yeye kaenda kusoma jinsia! Jinsia inasomwa? Mimi nilizaliwa nayo bure."

"Na kula umekula tangu uzaliwe, shangazi," Sondes akasema, "mbona wapo wanaosomea lishe?"

"Lishe inaponya. Hilo lenu linavunja nyumba. Hao wanaokufundisha, nusu yao wameachika."

"Na walioachika mtaa huu walisomea nini?"

Beya akajiongezea chai. Majirani wawili walikuwa wameachika mwaka ule ule na hakuna hata mmoja aliyekuwa amevuka darasa la sita.

"Somo halijavunja kitu, shangazi," Sondes akaendelea. "Limeuliza tu nyumba inasimama kwa nini. Chumba changu cha Tunis miaka mitano kimelipwa na nini?"

"Nimekilipa mimi!" Hedi akainua kiganja. "Kwa mkono huu!"

"Ulilipa kwa mkono huo, baba. Zulia lilifumwa na mkono wa mama. Halafu unakwenda kahawani kusema mama anakaa tu. Huo ndio tunauita ubaguzi. Si lazima mtu apigwe."

"Ubaguzi?" Hedi akakaa, akasimama tena. "Mimi nimembagua mama yako? Nimewahi kumwinulia mkono? Unajua dalali akinadi mali ya nyumbani kwake wanamwambiaje? Wanasema anajipandishia bei. Na nikitaja jina la mama yako pale, jina litembee mdomoni mwa kina Mongi kama bei ya kitunguu? Hiyo ni heshima, Sondes. Mnasoma vitabu vyote hivyo, heshima hamjui?"

"Heshima gani ya kumwambia mtu mzima hayupo?"

Hedi hakuwa mtu mkali, na mtu asiye mkali akikasirika hajui pa kukomea.

"Sikiliza. Alhamisi sura hiyo isiwemo. Ikiwemo, mimi sitii mguu Tunis. Mama yako hatii mguu. Na sinia halivuki mlango huu." Akamgeukia mkewe. "Wewe nawe acha huo unga."

Wasila alibonyeza tende katikati ya donge, akalifunika vizuri.

"Unga ukishashika samli hauachwi," akasema. "Unaharibika."

* * *

Nakala tano zilikuwa mikononi mwa walimu. Kuitoa sura ya tatu maana yake ni kuahirisha utetezi mpaka mwaka ujao, na nafasi ya ualimu msaidizi iliyokuwa ikimsubiri Sondes mwezi wa tisa wangepewa wengine. Alilijua hilo. Lakini alijiona pia amesimama mbele ya jopo, nyuma yake viti vitupu, na jirani wa mwanafunzi mwingine akimgawia kipande cha halua kwa huruma. Hapo ndipo moyo ulipolegea. Alikaa kitandani chumbani kwake, akashika simu, akaanza kumwandikia msimamizi wake: Kwa sababu za kifamilia, naomba...

Chumba hicho ndicho chenye mtambo wa kufumia. Sondes alikulia chini ya nyuzi zake. Zulia la mwaka huu lilikuwa limeshakatwa, limeviringishwa nyuma ya mlango, linamngoja Hedi.

Wasila akaingia, viganja vinang'aa samli. Akakaa kwenye kigoda cha mtambo.

"Nisomee."

"Mama, haina maana sasa..."

"Nimesema nisomee. Soko zima limenisoma, nimebaki mimi."

Wasila alijua tarakimu zote na sura fupi za Kurani, lakini maandishi madogo ya wasomi yalimshinda. Sondes akasoma. Alisoma polepole, akiruka maneno magumu. Alipofika kwenye mjane, mama yake akainua mkono.

"Rudia hapo."

"'Dalali huyu huwaambia wanunuzi kuwa mfumaji ni mjane wa shamba.'"

"Mfumaji ndiye mimi?"

"Ndiyo, mama. Hukujua?"

"Baba yako aliniambia wanunuzi hawaulizi." Wasila akatazama mlango, upande ambako mumewe alikuwa anakohoa. "Miaka ishirini na miwili namfulia, namkanda mgongo, namfunika akisinzia. Kumbe naosha maiti!"

Akacheka. Sondes naye akacheka, kwa kuwa alikuwa anataka kulia. Halafu kicheko cha mama kikaisha ghafla, kikamwacha ameuma mdomo. Iliuma, na hakuificha. Akajifuta macho kwa kiwiko kwa ajili ya samli.

"Endelea."

"'Mfumaji huyu hana sauti katika kupanga bei ya...'"

"Nani hana sauti?"

"Wewe, mama. Yaani, ni lugha ya kitaalamu, tunamaanisha..."

"Uliniuliza?"

Sondes akazigeuza kurasa mapajani.

"Umewahoji wanawake wangapi?"

"Thelathini na mmoja."

"Umewafuata makwao na kile kidude cha kunasa sauti. Umekunywa chai yao. Mmoja ulimpelekea sukari. Mimi niko hapa, hatua tatu kutoka kitandani kwako, na hukuniuliza hata siku moja. Umekaa ukaandika kwamba sina sauti."

"Nilidhani nakujua," Sondes akasema. Aibu ilimpanda mpaka kwenye nywele. Alikuwa amemshtaki baba yake kwa kumfuta mama, na yeye mwenyewe amemfuta kwa kalamu nzuri zaidi.

"Hata baba yako anadhani ananijua." Wasila akainuka, akainama kuichungulia ile simu. "Hiyo barua ni ya kuahirisha? Futa. Usiahirishe kitu. Sura nayo usiitoe, mficha uchi hazai. Ila hilo la sauti tutalitazama Jumanne."

"Jumanne kuna nini?"

"Mnada," akasema Wasila, akarudi kwenye unga wake.

* * *

Wasila alikuja Jumanne mchana, amejitanda shuka lake jeupe, zulia begani upande mmoja na Sondes ameshika upande wa pili. Soko lilitulia kwa namna ya soko, yaani kila mtu aliendelea kusema lakini hakuna aliyesikiliza alichosema. Wanawake wa benchini wakasogeana.

"Karibu, dada," mmoja akamwambia. "Mjane?"

"Hilo ndilo nimekuja kuuliza," Wasila akajibu, na benchi zima likaangua kicheko.

Mongi alikuwa ameshafika na mabega yake. "Mama, nipe mimi nikuuzie."

"Ninaye dalali wangu." Akanyoosha kidole. "Yule pale anayejificha nyuma ya nguzo."

Hedi akaja. Uso ulikuwa umepauka kama unga. Akainama, akanong'ona, "Mama Sondes, rudi nyumbani. Unataka kuniua?"

"Wewe si marehemu? Chukua zulia, bwana dalali. Kazi yako."

Na hapo hakuwa na njia. Sheria ya soko letu ni kongwe kuliko kuta zake: dalali hakatai zulia lililoletwa na mwenyewe, na anayekataa atafute kazi nyingine. Hedi akalitupia begani. Lilikuwa zito, lina fremu nyekundu na moyo wa buluu, na mafundo yake yamebanwa hata ukucha haupiti. Akapiga hatua tatu, akasimama mbele ya duka la tajiri mkubwa, yule yule aliyesema lisemwalo lipo.

"Mkono wa nani?" tajiri akauliza, kama kawaida.

Hedi angeweza kusema mjane. Angeweza kusema mama mmoja. Alimtazama Wasila, akamwona anajitoa uzi wa sufu kwenye mkono wa nguo, wala hamwangalii. Sondes pembeni yake alikuwa ameshika benchi kwa mikono miwili.

"Mkono wa..." Hedi akaanza, akakwama.

"Mkono wa mke wa marehemu!" Mongi akapaza, na soko likacheka.

Sijui ni kile kicheko, au ni miaka ishirini na miwili iliyomkaba yote kwa pamoja. Hedi aligeuka na sauti ambayo hatujawahi kuisikia kwake, na sisi tulidhani tunaijua yote.

"Mkono wa Wasila! Wasila binti Amor, mke wangu! Mafundo laki moja na sitini elfu kila mita ya mraba, mwenye shaka aligeuze autazame mgongo! Zulia halizeeki, anazeeka mwenye nyumba! Nani ataanza?"

"Mia nane," akasema tajiri, akiwa bado na mshangao.

Hedi akarudi benchini. "Mia nane. Niuze?"

"Bado," Wasila akasema.

Alizunguka. Mia tisa. "Niuze?" "Bado." Akazunguka tena, jasho linamtiririka kwenye ndevu. Tajiri wa pili akaingia, kwa kuwa zulia lenye vurugu kila mtu hulitaka. Elfu moja.

"Elfu moja, Wasila," Hedi akanong'ona. "Mwaka jana niliuza mia sita na hamsini!"

"Mwaka jana ulinipa mia sita."

"Hamsini ni udalali."

"Unamtoza mkeo udalali?" akauliza mwanamke wa benchini kwa sauti ya kuita watoto, na wenzake wakapigana mapaja. Hedi alitamani ardhi impe nafasi ndogo tu.

"Bado," Wasila akasema.

Elfu moja mia moja na hamsini. Mwaka ule wote hakuna zulia lililofika hapo. Hata Mongi alikuwa ameacha kucheka, anahesabu kwa midomo. Hedi alirudi mara ya nne, anahema.

"Elfu moja mia moja na hamsini. Niuze?"

Wasila akamtazama kwa mara ya kwanza. "Alhamisi unatoka saa ngapi kwenda Tunis?"

"Hilo... Wasila, hilo si la sokoni."

"Basi bado."

"Kwani Alhamisi kuna nini?" tajiri akauliza.

"Binti yangu anatetea tasnifu," Wasila akamjibu. "Hiyo mliyoisoma."

"Yule aliyeandika?" Tajiri akamwangalia Sondes, akamwangalia Hedi. Alikuwa na zulia analolitaka na hakuwa na subira. "Bwana wee, mtajie saa tufunge biashara! Tunakufa na jua hapa!"

"Taja saa!" benchi likaitikia.

Hedi akatazama huku na huku. Uso wake ukaanza kupambana na kitu fulani, na tulipokitambua kilikuwa tabasamu, jembamba, limeshindwa kujizuia.

"Saa kumi na mbili asubuhi," akasema.

"Uza," Wasila akasema.

* * *

Walirudi kwa miguu, pesa ziko kifuani mwa Wasila, Sondes ameachwa nyuma makusudi. Wakapita lango la mji mkongwe.

"Umenidhalilisha," Hedi akasema mwishowe.

"Mimi, au wewe?"

Akatembea hatua kadhaa. "Sisi wawili."

"Hapo sawa." Wasila akatoa noti ya hamsini. "Udalali wako."

"Sitaki."

"Chukua. Umezunguka juani mara nne."

Akachukua. Halafu akaguna. "Ulimwona Mongi mwishoni?"

"Nilimwona."

"Elfu moja mia moja na hamsini! Hakuna dalali aliyefika hapo mwaka huu. Hakuna!" Alikuwa ameanza kutembea kwa mwendo wake wa zamani, kifua mbele. Akapunguza. "Nilikuwa naogopa watasema nakula jasho lako."

"Unalila."

"Ndiyo. Nalila."

"Na mimi nalila lako. Wamalize kusema, wakachoke."

Hedi akacheka, na Sondes, hatua ishirini nyuma, aliposikia kicheko hicho akatabasamu peke yake. Alikaa kwenye kizingiti cha watu asiowajua, akapumua.

* * *

Alhamisi chumba cha utetezi kilijaa. Hedi alivaa kanzu yake ya sherehe na kofia nyekundu. Wasila alikaa mstari wa mwisho, sinia la makrudhi mapajani, hamwachii mtu. Pembeni yake Beya na juisi, akiwa ameapa amekuja kusindikiza tu.

Sondes alisema yake kwa dakika ishirini. Halafu mwalimu wa pili wa jopo, mtu mzima mwenye miwani mizito, akaondoa miwani hiyo.

"Binti, wapo wanaosema masomo haya ya jinsia yameletwa kutoka ng'ambo, na kazi yake ni kugombanisha watu majumbani. Utawajibu nini?"

Beya akakohoa kikohozi kikubwa.

"Swali hilo, profesa, shangazi yangu amekutangulia kuniuliza," Sondes akasema, na watu wakacheka. "Sokoni kwetu, kabla ya bei kutajwa, mnunuzi huuliza: mkono wa nani? Swali hilo halikuja na meli. Babu zetu waliliuliza. Masomo haya ninavyoyaelewa ni kulitoa swali hilo sokoni na kuliuliza jikoni, shambani, ofisini, hata hapa chuoni. Mkono wa nani? Na kuna nyumba zitagombana kidogo. Ya kwetu imegombana."

"Na ikawaje?"

"Imeuza vizuri." Kicheko kingine. Sondes hakucheka. "Lakini naomba kusahihisha, kabla hamjaniuliza. Ukurasa wa sabini na moja niliandika kwamba mfumaji wa sura ya tatu hana sauti. Nilikosea. Sikumwuliza. Niliwauliza wanawake thelathini na mmoja, na yeye nilimwandikia kichwani mwangu, kama wengine walivyomfanya. Jumanne nilimsikia akisema neno moja, 'bado', mara nne, na bei ikapanda mara tatu. Ana sauti. Aliyekuwa hana masikio ni dalali. Na mtafiti."

Mwalimu akavaa miwani, akaandika kitu. Wasila mstari wa mwisho alilishika sinia kwa nguvu, akainamisha uso.

Jopo likatoka kujadiliana. Hedi alihesabu vigae vya dari. Beya alisema, kwa sauti iliyosikika mpaka ukumbini, kwamba wakimfelisha huyu mtoto atawapiga na sinia hilo hilo. Mlango ukafunguka, watu wakasimama, mwenyekiti akasoma karatasi yake ndefu mpaka akafika panapotakiwa.

"...jopo limempa alama kumi na sita kati ya ishirini."

Miguu ya Hedi ilikuwa na mazoea ya miaka thelathini. Ikitajwa tarakimu, inatembea. Kabla mtu hajapiga makofi alikuwa ameshavuka viti, amesimama mbele ya binti yake, kiganja nyuma ya sikio.

"Kumi na sita, binti wa Wasila. Niuze?"

Jopo likaganda. Mwenyekiti alibaki ameshika karatasi hewani. Sondes alimtazama baba yake, machozi yakimtoka waziwazi, na akatikisa kichwa.

"Muulize mwenye mkono, baba."

Hedi akageuka. Chumba kizima kikageuka naye, walimu kwa wanafunzi, kumtazama mwanamke mwenye shuka jeupe mstari wa mwisho.

"Wasila! Kumi na sita. Niuze?"

Wasila hakuwa na haraka. Aliweka sinia chini, akajipangusa mikono, akamwangalia binti yake kutoka kichwani mpaka miguuni kama mtu anayekagua mafundo.

"Uza," akasema, na kigelegele cha Beya kikatikisa madirisha.